Kumfuata Baba Kwenye Tope la Bahi

Wenzangu wa maabara, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: ilikuwaje huko Bahi? Nami nimekuwa nikijibu, "Tumerudi salama, namshukuru Mungu," kisha nageukia sampuli zangu. Ni jibu la kweli lakini la kukwepa. Hamjui kwamba tangu nirudi naogopa hata kutumbukiza vidole kwenye udongo tunaoulowesha kila asubuhi. Basi nawaandikia yote, tangu siku ile nyumbani kwangu Chang'ombe, hapa Dodoma.

Habari iliyotutoa nyumbani

Baba yangu mnamjua kwa maneno yangu tu. Ni Mrangi wa Kondoa, mtu mrefu, mkimya, aliyetunza ghala la nafaka hapa Dodoma tangu kabla sijazaliwa. Biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi, ghala likafungwa, naye akaambiwa aende nyumbani. Hakwenda Kondoa. Alikwenda Bahi, akakodi majaruba ya mpunga pembezoni mwa bwawa, akajenga kibanda, na tangu hapo akawa anakuja kututazama baada ya mavuno tu.

Mwaka huu mvua zilipozidi, wifi yangu Tabu alinijia mchana mmoja amelowa chapachapa, kilemba mkononi. Tabu ni dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke wa mwili na wa sauti, anauza vitumbua mtaa wa pili kutoka kwangu. Hatukuwa tukiivana. Yeye aliniona najidai na kazi yangu ya ofisini, mimi nilimwona anaingia jikoni kwangu kama kwake. Siku ile hakuingia jikoni. Alibaki mlangoni.

"Wifi, kaa chini."

"Kuna nini?"

"Wewe kaa kwanza."

Nilipokaa ndipo akaniambia. Muuza samaki wakavu wa Bahi alikuwa amepita kibandani kwake, mvua ikipiga bati, akatamka neno moja juu ya baba kisha akakimbilia gari lililokuwa linaondoka.

"Kasema mzee Rajabu kazama."

Sikulia. Nitawaambia kilichonijia, nanyi mtanielewa kwa sababu ni kazi yetu: niliuona ule udongo. Niliuona udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, na masika huvimba, ukajifunga, ukashika chochote kilichomo. Nikamwona baba amesimama ndani yake.

Mume wangu alikuwa Singida kikazi. Nikasema nitakwenda peke yangu. Wifi akanikata hapo hapo. "Habari nimeileta mimi. Huendi peke yako." Alipofunga mzigo wake niliona chini ya khanga kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa kwa uangalifu. Alijua nimekiona. Akakifunika tena haraka.

Treni inasimama kabla ya Kigwe

Kama si maji, Bahi ni mbele kidogo tu ya Dodoma. Lakini kabla ya kufika Kigwe treni ilipunguza mwendo, ikatikisika, ikasimama. Tukaambiwa maji yamepita juu ya reli na mafundi wako mbele wanaiangalia. Tukakaa. Jua likatoka, mabehewa yakawa tanuri. Mvua ikarudi, tukafunga madirisha. Akina mama wa vijiji vya karibu wakaja kando ya reli na mahindi ya kuchoma, karanga na mayai ya kuchemsha, wakawa wanayanyanyua juu ya vichwa vyao ili tuyafikie. Wifi alinunua mahindi mawili akanipa moja. Nililishika mpaka likapoa.

Mbele yetu alikaa mzee mmoja wa Kintinku mwenye koti la suti na ndala. Tulimwamkia, akaitikia vizuri, akauliza, "Mnafuata mpunga?"

"Tunamfuata mtu," nikasema.

"Kule bwawani?" Akatikisa kichwa. "Mwaka huu si wa kwenda kule. Nimeona ng'ombe amezama zikabaki pembe. Watu wanavuta kamba, anazidi kushuka. Alikuwa anatutazama tu."

Wifi akamgeukia. "Mzee wangu, shikamoo tena. Huyu mwenzangu baba yake yuko huko. Zungumza habari za pembe nyingine."

Mzee aliinamisha kichwa, akafunua kifuko chake, akatugawia ubuyu. Ubuyu ule ulinitisha kuliko maneno yake. Mtu akianza kukuhurumia ndipo unajua kwamba jambo lako limeshakuwa la kweli.

Treni ilipojivuta tena ilikwenda kama inanusa njia. Nilitazama chini dirishani: pande zote mbili maji ya rangi ya chai ya maziwa, na reli ikipita katikati kama uzi.

Juu ya tela la trekta

Kutoka stesheni ya Bahi hadi kijiji cha ukingoni mwa bwawa hakukuwa na gari lililothubutu. Tulipata trekta lililobeba chumvi na mafuta ya taa kwenye tela, tukapanda juu ya magunia. Dereva, Lameki, alituuliza tunakwenda kwa nani. Wifi alipotaja jina la baba, Lameki alitazama usukani wake kisha akasema, "Mimi sijafika huko tangu maji yaje," akawasha injini.

Ile njia ni kama kitabu chetu cha udongo kilichofunguliwa. Unaanza juu kwenye mchanga mwekundu, mkavu hata baada ya mvua, wenye vichaka vya miiba. Unashuka, wekundu unapauka kuwa manjano, kisha kijivu. Miti inapungua. Halafu nyasi tupu, na udongo mweusi. Siku nyingine ningeruka chini na koleo langu kwa furaha. Siku ile kila rangi iliyobadilika niliihesabu kuwa hatua ya kuikaribia maiti ya baba.

Harufu ndiyo iliyonimaliza. Mnaijua, ile ya yai lililooza. Udongo ukijaa maji mpaka kila kitundu, hewa hufukuzwa yote. Chuma kinachoupa udongo wa mlimani wekundu wake hupoteza rangi, na udongo hugeuka wa kijivu chenye samawati kama midomo ya mtu aliyekosa pumzi. Majani yanaozea humo bila hewa, na harufu ile ndiyo pumzi yao. Nimeieleza mara ngapi kwa wanafunzi wanaokuja kwetu, nikicheka? Juu ya lile tela nilijifunika pua kwa mtandio.

Kwenye korongo moja tairi la nyuma liliteleza. Tela likalala upande, magunia yakaanza kutembea, wifi akanikumbatia kwa mikono yote miwili, nami nikamkumbatia. Lameki alipiga kelele, "Msiruke! Msiruke!" Trekta likanguruma likirusha tope, likakamata ardhi, likapanda. Tulikaa vile vile tumeshikana mpaka kijiji kilipoonekana. Hakuna aliyekumbuka kumwachia mwenzake.

Mama Nyemo na jibu lake

Tulielekezwa kwa Mama Nyemo, mwanamke wa Kigogo ambaye jaruba lake lilipakana na la baba. Tulimkuta anapepeta uwele.

"Mbukwa," akatuamkia. Kiswahili alikijua, lakini alikizungumza polepole, akichagua.

"Mama, mimi ni binti wa mzee Rajabu," nikasema. Nikapiga goti chini. "Nimesikia habari. Naomba unionyeshe alipo."

"Mzee Rajabu?" Akaweka ungo chini. "Kahama."

Wifi akashika kiuno. "Kahama ya huko Shinyanga? Amefikaje?"

"Si Shinyanga." Mama Nyemo alitutazama kama watu wagonjwa. "Kahama. Katoka pale, kaenda pale." Akaonyesha kwa mkono, kutoka kibandani mpaka mbali bwawani.

Niliona uso wa wifi unavyobadilika. Mvua juu ya bati, mtu anakimbilia gari. Kahama. Kazama. Alikaa chini palepale kwenye vumbi la uwele akajifunika uso. Mabega yake makubwa yalikuwa yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Nadhani na yeye hakujua. Mimi nilimshika Mama Nyemo miguu. Yule mama akaniinua, akasema kwa ukali kidogo, "Usishukuru bado."

Akaeleza. Maji yalikuja siku ya jua kali, bila wingu. Mvua ilikuwa imenyesha juu, Kondoa, na mto ukaileta. "Maji yenu," alisema, akinielekezea kidole, bila ubaya. Kibanda cha baba kilianguka. Baba na wenzake wachache wakahamia kwenye kinyanyuko kilicho katikati ya mpunga ili waulinde na ndege na viboko. Muuza samaki aliondoka na habari hiyo. Baada ya hapo maji yalikuja mara ya pili, makubwa kuliko ya kwanza, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetoka kule wala aliyekwenda.

"Mtumbwi?" nikauliza.

"Kwa mtumbwi ni tope. Kwa miguu ni maji."

Alitupikia ugali wa uwele na mlenda. Wifi, ambaye sijawahi kumwona akiacha chakula, alikula matonge mawili. Tulipomaliza kunawa Mama Nyemo alisema kwamba asubuhi angetupeleka mpaka atakapoona panafaa, na kwamba tukimwona amesimama, nasi tusimame.

Mbugani

Asubuhi tulivua viatu tukafunga khanga juu ya magoti. Mama Nyemo alitangulia na fimbo ndefu, mimi nikafuata, wifi nyuma na mzigo wake kichwani. Tulipita juu ya kuta za majaruba, yale matuta membamba yanayoshikilia maji. Ukuta ukiwa mzima unakubeba. Ukiwa umekatika unashuka ndani ya maji, unapapasa kwa nyayo mpaka uupate mwingine. Chini ya maji tope lilikuwa baridi na laini kama uji, kisha ndani zaidi kitu kizito kinachonata. Kila mguu ulitoka kwa mlio.

Tulifika mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamepita wengi, wakavuruga kila kitu. Mama Nyemo alichomeka fimbo, ikazama yote. Akasimama. Mimi nikasimama. Wifi alikuwa anatazama chini ya miguu yake, hakutuona. Akapiga hatua pembeni ili asinigonge.

Alishuka mpaka mapajani kwa mara moja. Mzigo ukaruka. Alipiga ukelele mmoja, akavuta mguu wa kulia kwa nguvu zake zote, na wa kushoto ukaenda chini zaidi. Akavuta wa kushoto. Sasa alikuwa kiunoni.

"Usivute!" nikapiga kelele. "Wifi, usivute!"

"Nizame nimetulia?"

"Lala chali! Lala kama uko kitandani!"

"Siwezi! Linanishika! Wifi, kuna kitu kinanishika miguu!"

Hakukuwa na kitu. Ni udongo wenyewe. Unapovuta mguu, chini yake panabaki pengo lisilo na hewa wala maji, na pengo hilo ndilo linalokunyonya. Nayajua hayo tangu chuoni. Lakini nilipomwona wifi anashika maji kwa vidole kama anashika ukuta, niliamini kabisa kwamba kuna mkono kule chini, na nilirudi nyuma hatua moja. Nawaambia ukweli wangu. Nilirudi nyuma.

Mama Nyemo ndiye aliyenishtua. Hakuwa anamtazama wifi. Alikuwa anatazama majani makavu yaliyoelea pembeni yetu. Yalikuwa yametulia tangu tufike. Sasa yalikuwa yanatembea.

"Maji yanakuja," akasema.

Anga lilikuwa jeupe, bila wingu. Nilijilaza kifudifudi kwenye tope, nikajikokota kwa viwiko mpaka uso wangu ukawa karibu na wa wifi. Pumzi yake ilikuwa fupi fupi. "Nitazame mimi," nikamwambia. "Usitazame maji. Egemea nyuma." Mama Nyemo alikuwa ameufikia mzigo, akaufungua kutafuta kitu cha kuvutia. Khanga ni fupi. Akatoa kile kitambaa cheupe, kirefu, kipya, akanirushia ncha moja. Wifi alikiona. Macho yetu yalikutana. Nikakipitisha chini ya makwapa yake nikafunga fundo kifuani.

Akalala chali. Nilichimba kwa mikono kando ya paja lake, nikifungua njia ya maji kushuka. Yale maji niliyokuwa nayaogopa yalikuwa yanapanda, yamenifika kidevuni nikiwa nimelala, na ndiyo yaliyoingia kwenye tundu nililochimba. "Tikisa mguu kidogo kidogo. Kama unamkanda mtoto." Alitikisa, midomo ikisoma kila dua anayoijua. Nikasikia mlio, kama chupa inazibuliwa, na mguu ukapanda. Mama Nyemo akavuta kitambaa kutoka kwenye ukuta, amekaa, visigino vimechomekwa. Mguu wa pili ulichukua muda mrefu zaidi. Kwa sehemu ya muda huo maji yalikuwa mdomoni mwa wifi, naye alikuwa anayatema na kuendelea kusoma.

Tulipomfikisha ukutani alijikunja kwa ubavu, akashika kitambaa kile, sasa cheusi tii. Akasema kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake, "Wifi, ulitaka kunikimbia."

"Ndiyo," nikasema.

"Hata mimi ningekimbia." Akanishika mkono wenye tope, hakuuachia.

Kwa baba

Kelele zetu zilifika. Matete yaliachana, akatoka mtu mrefu, kifua wazi, jembe begani, mwembamba kama tete lenyewe. Nilimtambua kwa mwendo wake kabla ya uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akatutazama mmoja mmoja, weusi kwa tope kama kambale. "Mmefuata nini huku?"

Wifi ndiye aliyesema, "Tumekuja kukuzika, baba. Samahani, tulisikia vibaya."

Kinyanyuko chenyewe ni udongo wa vichuguu vilivyomomonyoka miaka mingi, kidogo kiasi kwamba ukisimama katikati unaona maji kila upande. Wenzake walikuwa wamelala, wana homa. Baba alitupikia kambale kwa maji na chumvi, akatutengea wali wa mavuno ya mwaka jana. Nilitazama miguu yake. Ngozi ya nyayo ilikuwa nyeupe, imekunjamana, katikati ya vidole imepasuka.

"Twende nyumbani, baba," nikasema. "Maji yatarudi."

Aliinama, akang'oa shina moja la mpunga ukingoni, akalisuuza, akanipa. "Wewe ndiye fundi. Niambie unaona nini."

Mizizi ilikuwa imezungukwa na wekundu wa kutu. Nilijua ni nini. Mpunga hupitisha hewa ndani ya shina lake mpaka chini, na kidogo inayovuja inaurudishia udongo rangi yake pale unapogusana na mzizi. Nikamweleza.

"Kwa hiyo unapumua hewa yake wenyewe," akasema. Alilirudisha shina lile kwenye tope, akalishindilia kwa vidole. "Kule ghalani niliambiwa nenda nyumbani, nikaondoka kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mpunga huu unakaribia kutoa masuke. Siondoki tena kwa kuambiwa."

"Hata na mimi?"

"Hata na wewe, mwanangu. Nisamehe."

Wifi alijaribu. Alimwonyesha tope lilivyomkaukia mpaka chini ya matiti. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, akamwongezea samaki.

Kurudi

Mnataka kujua kama yu hai. Yu hai. Muuza samaki hupita kibandani kwa wifi na habari zake, na siku hizi wifi humshusha mzigo, humkalisha, humlazimisha kurudia kila neno mara mbili. Sisi wawili twala pamoja jioni nyingi, kwangu au kwake. Lakini abiria wa basi la Kondoa wakishuka wakisema kwa furaha kwamba huko mvua imenyesha vizuri, mimi natafuta pa kukaa.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Siku tunaondoka, maji yalipopungua, baba alitusindikiza mpaka ukuta wa mwisho ulio mzima. Aliagana na Mama Nyemo, akamwagiza wifi amsalimie mume wangu, akaniwekea mkono kichwani. Kisha akageuka. Hatua chache tu, matete yakamfunika.

Mama Nyemo alitwambia tuite. Huko watu huitana hivyo, mtu akipotea machoni, ili ijulikane kwamba bado yuko juu ya tope.

"Baba!" nikaita.

"Naam!"

Tukangoja. Wifi, mwenye sauti, akaita. "Baba Rajabu!"

"Naam!" Mbali kidogo.

Tukaita tena na tena, naye akaitika, kila mara kwa udogo zaidi, mara nyingine kutoka upande ambao sikuutarajia. Halafu wifi aliita, na upepo ukapita kwenye matete, na katika ule upepo nikasikia kitu, sijui ni yeye au ni matete. Wifi akanitazama. "Kaitika?" Nikamtazama Mama Nyemo. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama maji. Yalikuwa yanapita juu ya vifundo vya miguu yetu, polepole, yakielekea kule alikokwenda.

"Kaitika," nikasema, na tukaondoka.